Nilikuta fundo langu mtaroni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nimjibu msomaji aliyeandika hivi karibuni kwamba kuishi kwa kutunza mazingira ni mambo ya wenye fedha, na kwamba sisi tunaonunua mkaa kwa kisado tungoje kwanza maisha yetu yanyooke. Barua yake sikuichukia. Miaka miwili iliyopita ningeiandika mimi mwenyewe, tena kwa maneno makali zaidi.

Mimi ni mjane wa miaka 61. Nauza vitumbua, maandazi na mbaazi za nazi barazani kwangu hapa Ngamiani, Tanga. Jiko naliwasha saa 10 alfajiri, na ikifika saa 3 asubuhi nimeshaosha sufuria. Kazi hii ndiyo iliyowasomesha wanangu, na leo ndiyo inayowalisha wajukuu watatu ninaoishi nao pamoja na mama yao, mkwe wangu.

Aprili ya mwaka juzi, katikati ya masika, mvua ilishinda siku tatu bila kupumzika. Mtaro unaopita ubavuni mwa nyumba yetu ukafurika, maji yakaingia ndani mpaka usawa wa kitanda cha watoto. Godoro likaloa, na mfuko wangu wa unga wa ngano, kilo 25, ukageuka uji. Maji yalipopungua, vijana wa mtaani wakashika makoleo kuzibua mtaro, nami nikachukua reki niwasaidie. Zilitoka chupa, ndala, pempasi, makopo ya rangi, na kuliko vyote vile vifuko vyembamba vya nailoni vinavyoonyesha ndani. Kimoja kikanasa kwenye meno ya reki. Nikakivuta nikitoe, nikaona kimefungwa fundo langu.

Nieleze. Marehemu mume wangu alikuwa mvuvi wa jarife, ule wavu mkubwa wa baharini, na ndiye aliyenifundisha kufunga mdomo wa kifuko kwa fundo la kibaharia: ukilivuta linakaza, ukilisukuma kwa kidole linafunguka. Mtaa mzima wanalijua. Mtoto akitumwa vitumbua kwangu akaenda kununua kwingine kwa sababu ni karibu, mama yake akiona fundo anajua. Nikaanza kuvitafuta kwenye ile tope. Nilivipata 11, mafuta yangu bado ndani. Usiku ule sikulala, na godoro lililoloa halikuwa sababu peke yake.

Nilikuwa nimezoea kulaumu. Mtaro ukiziba nasema wenye dhamana hawafanyi kazi, gari la taka halipiti, vijana wa siku hizi hawana adabu. Mengine katika hayo ni kweli mpaka leo. Lakini maji yaliyolowesha godoro la wajukuu wangu yalizuiwa pia na vifuko nilivyovifunga kwa mikono yangu, nikapokea fedha na kusema karibu tena.

Tunakumbuka wote kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea, ile tuliyoiita rambo, ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Wenzetu wa Zanzibar walitutangulia kwa miaka mingi. Rambo zikaondoka kweli, na kwa miezi kadhaa mji ukapumua. Lakini vifungashio vya baadhi ya bidhaa viliachwa kwa sababu vina kazi yake, na sisi wauzaji tukavigeuza mifuko ya kubebea. Nilifanya hivyo bila kujiuliza, kwa kuwa kila mtu alifanya. Karanga, mchele wa nusu kilo, dagaa, vitumbua, vyote humo.

Sasa nije kwenye kuanza, maana ndilo swali la msomaji mwenzangu: mtu asiye na kitu aanzie wapi?

Mimi sikuanza kwa kununua chochote. Nilichukua daftari la mjukuu lililobaki kurasa chache, nikaandika kwa siku 7 kila kinachoingia nyumbani kwa fedha na kila kinachotoka kikiwa taka. Mkwe wangu, ambaye ana subira kuliko mimi, ndiye aliyekuwa akiandika jioni nikisinzia. Mwisho wa wiki tukasoma. Vifuko karibu 60 kila siku ya kazi. Mkaa visado 14 kwa wiki, shilingi 2,000 kila kimoja. Chupa za maji 9, na sote tuna bomba uani. Chakula kilichomwagwa mara nne, mara zote wali. Na jambo moja ambalo sikulitegemea: kila alfajiri nilikuwa nikiwasha mkaa kwa kipande cha mfuko wa plastiki. Ndivyo tunavyofanya wengi, kwa sababu unashika moto haraka. Moshi wake mweusi nilikuwa nikiuvuta mimi, na wanauvuta watoto waliolala chumba cha pili.

Hilo nililiacha siku ileile. Nazi nakuna 6 kila siku, vifuu vinajaa kona ya ua, makumbi yanaozea pembeni, halafu nawasha moto kwa plastiki! Kumbi kavu likichambuliwa nyuzi linashika kwa njiti moja ya kibiriti, na kifuu kikishakolea kinabeba mkaa wote. Bibi yangu kule Pangani aliwasha hivyo maisha yake yote. Wala sikumbuki ni lini mimi niliacha.

Vifuko vilinichukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa havikuwa vyangu peke yangu, ni vya wateja. Niliwaambia: njoo na bakuli lako, au hotipoti, au kikapu chenye kitambaa safi, nikuongeze kitumbua kimoja juu ya vitano. Wiki ya kwanza walikuja watu wachache wenye vyombo. Mteja mmoja wa miaka mingi alikasirika, akasema, "Bibi, siku hizi unatupa masharti?" akahama. Alirudi mwezi wa tatu na bakuli la kauri lenye maua, nami sikumkumbusha lolote. Anayesahau chombo namfungia kwa jani la mgomba. Jani lisipobabuliwa linapasuka. Lipitishe juu ya moto mpaka ligeuke rangi na kulainika, ndipo ufunge. Kwa magazeti siwafungii tena. Nalipenda gazeti lenu, lakini wino wake si wa kugusana na kitumbua chenye mafuta ya moto. Leo natoa vifuko visivyozidi 5 kwa siku, vyote kwa abiria wanaowahi mabasi ya alfajiri, na hivyo 5 bado vinaniuma.

Mkaa ndipo penye habari hasa, maana ndipo fedha yangu ilipokuwa ikiteketea.

Katika visado 14 vya wiki, niligundua kwamba vitumbua si walaji wakubwa. Mlaji mkubwa ni mbaazi. Nilikuwa naziosha na kuziinjika hivyohivyo kavu, zinachemka saa mbili na zaidi, mimi nikiongeza maji na mkaa. Kitu cha kwanza nikawa naziloweka tangu adhuhuri. Muda wa motoni ukapungua sana. Cha pili kilitoka kwa shoga yangu mmoja wa Makorora aliyekuwa akitumia zamani kapu la joto, akaacha, akanifundisha jinsi ya kulitengeneza.

Kapu lenyewe ni la ukili, kubwa, la kubebea machungwa, lililokuwa limekatika mkono. Ndani tulishindilia makumbi yaliyochambuliwa, juu yake tukatandika khanga nne zilizochakaa, katikati tukaacha shimo la sufuria. Saa 4 usiku nachemsha kwa nusu saa mbaazi zilizokwisha kulowekwa, zinatokota hasa, sufuria imejaa karibu na ukingo, mfuniko umekaa sawa. Kisha naiingiza kapuni ikiwa bado inatokota, nafunika kwa mto mnene, na mtu asifunue. Hapo hapana moto wala moshi, na mimi nalala. Saa 10 alfajiri nafungua, mbaazi zimeiva mpaka ndani na sufuria huishiki bila kitambaa. Nazirudisha motoni zichemke tena vizuri, ndipo natia tui. Tui usilitie usiku, litachacha. Ukijaribu kwa maharage makubwa mekundu, yaloweke, umwage maji ya kulowekea, uyatokose kwa nguvu kabla ya kuyaweka kapuni. Joto la kapu peke yake haliondoi sumu yake ya asili.

Visado vikashuka kutoka 14 hadi 9 kwa wiki. Visado 5 ni shilingi 10,000. Fedha hiyo sikuiacha ielee mfukoni, maana ingeyeyuka. Kila Jumamosi niliitia kwenye kibubu.

Na hapa namjibu msomaji mwenzangu moja kwa moja, kwa sababu amesema jambo la kweli nusu. Kweli ni kwamba gesi inatushinda, lakini si kwa sababu ni ghali kuliko mkaa kwa mwezi. Inatushinda kwa sababu inadai fedha kwa mkupuo. Mkaa nilikuwa nikinunua kwa 2,000 asubuhi na 2,000 jioni, nisihisi. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Mtungi mdogo wa kilo 6 ninao tangu mwanangu aninunulie, ulikaa mtupu chini ya kitanda mwaka mzima kwa kuwa sikuwahi kushika fedha ya kuujaza kwa siku moja. Kibubu cha visado 5 kiliujaza baada ya wiki tatu. Sasa chai, uji wa watoto na mboga ya jioni vinapikwa kwa gesi. Kwa maandazi ya biashara bado natumia mkaa, sisemi uongo.

Serikali ina Mkakati wa Kitaifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, na lengo lake ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Nauunga mkono kwa moyo wote. Ombi langu kwa wanaouza gesi ni dogo: tuuzieni kwa kipimo, kama tunavyonunua mkaa na umeme. Mtu akiweza kulipia 2,000 ya gesi leo na 2,000 kesho, mtaona Ngamiani itakavyohama.

Kwa nini nahangaika na mkaa kiasi hiki? Waliosomea misitu wanasema katika tanuri letu la kawaida la kufukia kwa udongo, kilo moja ya mkaa hula kilo 6 hadi 10 za kuni. Gunia la kilo 50, basi, ni kuni kilo 300 mpaka 500. Muuzaji wangu huniambia wake unatoka upande wa Handeni. Sijawahi kuuona msitu huo, ila nimeupika. Na maji tunayokunywa hapa mjini yanatoka bwawa la Mabayani, yanaletwa na mto Zigi kutoka misitu ya Amani kule Usambara Mashariki. Mwaka 2024 mamlaka yetu ya maji ilitoa hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi wa kutunza mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 ili ijenge miundombinu. Mabomba hayo yatapitisha nini, misitu ya milimani ikienda njia ya misitu ya mkaa?

Mambo mengine yalikuja yenyewe baada ya hapo, na siyatilii chumvi. Dodoki limepanda uzio wa jirani, nasugulia sufuria kwa hilo badala ya zile sponji za plastiki. Magunia mawili ya matembele na mchicha yapo uani, mbolea ni maganda na majivu kidogo. Chicha wanakula kuku. Baiskeli ya marehemu tuliitengeneza, mjukuu mkubwa huenda nayo soko la Mgandini badala ya kupanda bodaboda. Mji wetu ni tambarare, na mtu wa Tanga kupanda baiskeli hajawahi kuonekana kioja, mwanamume wala mwanamke.

Mkwe wangu, kwa jinsi alivyopata moyo, alitaka tutupe madumu na ndoo zote za plastiki tununue vya chuma na vya kioo. Nilimkatalia. Dumu la mafuta ya kula la lita 20 ninalo tangu mjukuu wa kwanza hajazaliwa, linateka maji kila siku. Kulitupa ndiko kungekuwa uharibifu. Naona siku hizi watu wanauziwa chupa za bei na mifuko mipya ya kila rangi waonekane wanatunza mazingira, na ndiyo maana msomaji mwenzangu akadhani jambo hili lina kiingilio. Mfuko wa kubebea mnao ndani: kapu la ukili, pakacha, hata khanga ukiifunga pembe.

Mji huu ulinenepa kwa mkonge tangu miche ya kwanza ilipoletwa pwani hii mwaka 1893, nyuzi zake zimefunga mizigo ya dunia nzima, na leo sokoni kwetu mzigo unafungwa kwa kamba ya nailoni. Hilo linanisikitisha kuliko ninavyoweza kuandika.

Jambo moja tulilolifanya kwa pamoja ni shughuli. Kikundi chetu cha akina mama tunapika kwenye harusi na maulidi. Ilikuwa imeingia tabia ya kupakua pilau kwenye vikasha vya kutupa, vile vyeupe vyepesi, na kumpa kila mtu chupa ya maji. Kesho yake uwanja unakuwa kama ufuo baada ya kusi. Tulikubaliana tusipike tena shughuli ya vyombo vya kutupa. Tukarudi kwenye sinia, watu wanne au watano kwa sinia moja, kama tulivyolelewa, na maji kwenye majagi. Mama mmoja wa bwana harusi aliona tunamuaibisha mbele ya wageni wa Dar es Salaam. Wageni wale walikula, wakaramba vidole, wakaomba wapigwe picha na sinia. Shughuli mbili tumezikosa kwa msimamo huu, na tumeukubali upungufu huo.

Mitaro ya Ngamiani inaishia baharini. Bahari hiyo ndiyo aliyokuwa akiivua mume wangu, na ndani yake, kwenye kina kirefu, anakaa silikanti, samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka tangu enzi za kale mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Huku kwetu wavuvi walianza kumpata kwenye majarife yao tangu 2003, na mwaka 2009 sehemu ya bahari yetu ikatengwa kuwa hifadhi kwa ajili yake. Mume wangu alimwona mara moja tu, ufukoni, amevuliwa na wenzake. Alikuja nyumbani akanieleza mapezi yake, yamekaa kama miguu, akashindwa kula. Ninapofikiri fundo alilonifundisha yeye linakwenda kumfikia samaki yule, nakosa la kusema.

Wenye dhamana ya mitaro na taka nao nawaambia: tumeanza upande wetu, njooni mzibue kabla ya masika, si baada yake. Mtaro wetu masika iliyopita tuliuzibua wenyewe mwezi wa Februari. Maji hayakuingia ndani. Vifuko vilivyotoka havikuwa na fundo langu, nilivikagua kimoja kimoja.

Nimalizie kwa swali, kwa sababu liko jambo limenishinda. Mjukuu mdogo ana miezi 8 na anavaa pempasi. Nimehesabu 4 kwa siku, na taka yetu iliyobaki sasa karibu yote ni hizo. Wanangu mimi niliwalea kwa nepi za kitambaa, lakini nilikuwa kijana na uwanja wa kuanikia ulikuwa mkubwa. Mkwe wangu yuko tayari kujaribu, ila anauliza nepi zitakauka vipi wakati wa masika, nyumba ina vyumba viwili na uzio umejaa dodoki. Kama yupo msomaji, wa Tanga au wa popote penye mvua kama yetu, anayelea mtoto kwa nepi siku hizi, naomba aandike hapa anazikausha wapi na anahitaji ngapi kwa wiki. Tutaisoma barua yake jioni, daftari likiwa wazi.

Muuza vitumbua,
Ngamiani, Tanga